Mwana wa Visiwa na Kuta za New York

Katika miaka ya 1970 wakuu wa mji wa New York, nchini Marekani, walikuwa na mapambano mawili kwa wakati mmoja. Pambano la kwanza lilikuwa la fedha, kwani mwaka 1975 hazina ya mji ilibakia kidogo tu ifilisike. Pambano la pili lilikuwa la rangi. Vijana wa mitaa ya mafukara walikuwa wakiingia usiku katika yadi za treni za chini ya ardhi, makopo ya rangi ya kupuliza mikononi, na kulipopambazuka mabehewa yalitoka yamejaa majina yao kutoka paani hadi magurudumuni. Mwaka 1972 ilitungwa sheria dhidi yao. Baadaye mabehewa yalioshwa kwa dawa kali, yadi zikazungushiwa seng'enge za safu mbili, na mbwa wakali wakaachiwa kati ya safu hizo. Ilikuwa tarehe 12 Mei, 1989, ndipo treni ya mwisho yenye maandishi ilipoondolewa relini.

Tumeanza na habari hii ya utawala kwa makusudi. Mtu tunayemkumbuka leo, Jean-Michel Basquiat, alianza kujulikana kuwa mmoja wa wachafuzi wa kuta za mji huo. Treni hiyo ya mwisho ilipoondolewa, yeye alikuwa kaburini tangu mwaka uliotangulia, amekufa na umri wa miaka 27, na kazi za mkono wake zilikuwa zikitundikwa katika nyumba za matajiri wa mabara matatu. Inafaa wenye mamlaka juu ya kuta na juu ya vijana wayatazame maisha yake kwa makini.

Alizaliwa Brooklyn, New York, tarehe 22 Disemba, 1960, lakini asili yake ni ya visiwani kwa pande zote mbili. Baba yake, Gerard, alitoka Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti, nchi ambayo watumwa wake waliyashinda majeshi ya Ufaransa na kutangaza uhuru mwaka 1804. Mama yake, Matilde, alizaliwa Brooklyn na wazazi waliotoka kisiwa cha Puerto Rico. Nyumbani mtoto alisikia Kifaransa, Kihispania na Kiingereza, naye akakua akizimudu lugha zote tatu. Baba alikuwa mhasibu, mwenye nyumba yake ya ghorofa, mtu wa suti na nidhamu. Hayo yanapaswa kutiliwa maanani, kwa sababu baadaye waandishi wengi wa magazeti walipendelea kumweleza kijana huyu kana kwamba alikuwa mtoto wa jalalani, asiyejua kitu, aliyeokotwa njiani pamoja na kipaji chake. Habari hiyo iliuzika vizuri, lakini haikuwa ya kweli. Alitoka katika nyumba ya heshima, nyumba ambayo ilivunjika angali mdogo.

Macho ya kuchorea aliyapata kwa mama. Bibi huyo alikuwa na desturi ya kumpeleka mwanawe katika makumbusho makubwa ya mji, na mtoto alipotimia umri wa miaka sita alikuwa tayari mwanachama mdogo wa Makumbusho ya Brooklyn. Mwezi Mei, 1968, alipokuwa akicheza mpira barabarani, aligongwa na motokaa. Mkono ulivunjika, viungo vya ndani viliumia, na madaktari walilazimika kumtoa wengu. Alipokuwa amelazwa hospitali mama alimletea zawadi ambayo si ya kawaida kwa mtoto wa miaka saba: kitabu cha elimu ya viungo vya mwili kilichotungwa na mganga Mwingereza, Henry Gray, na kuchapwa kwa mara ya kwanza London mwaka 1858. Mtoto alikisoma picha baada ya picha. Mbavu, meno, mafuvu na mishipa tunayoiona katika kazi zake, kila kiungo kikiandikiwa jina lake pembeni kama katika kitabu cha shule, chanzo chake ni kitanda kile cha hospitali. Hata kikundi cha muziki alichokianzisha na wenzake mwaka 1979 alikiita Gray.

Mwaka ule ule wa ajali wazazi walitengana. Watoto watatu walibaki kwa baba, na mama akaanza kuugua maradhi ya akili yaliyompeleka hospitali mara kwa mara kwa muda mrefu wa maisha yake. Kuanzia mwaka 1974 hadi 1976 familia iliishi Puerto Rico, kazi ya baba ilikowapeleka. Waliporudi Brooklyn kijana hakutulia tena. Alitoroka nyumbani akiwa na miaka 15, akalala juu ya viti vya bustani ya Washington Square kwa siku kadhaa, hata askari walipomkamata na kumrudisha kwa baba yake.

Akaandikishwa katika shule moja ya Manhattan, City-As-School, iliyokuwa ikiwapokea vijana walioshindwa kukaa katika shule za kawaida. Huko alikutana na Al Diaz, na wawili hao wakabuni jina la SAMO, ufupisho wa usemi wa mitaani wenye maana ya uchafu ule ule wa siku zote. Kuanzia mwaka 1977 na 1978 jina hilo lilianza kuonekana katika kuta za Manhattan ya kusini.

Hapa pana jambo ambalo maofisa wa mji hawakulitambua. Vijana wa treni waliandika majina yao tu, kwa herufi za mapambo zilizopindwa hata asiyezizoea asiweze kuzisoma. SAMO waliandika sentensi. Zilikuwa sentensi fupi, kwa herufi za kawaida zilizonyooka, zenye kejeli juu ya dini za biashara, siasa za maneno, na tabaka la watu waliojiita wapenzi wa sanaa. Tena ziliandikwa karibu na milango ya majumba ya kuuzia picha, mahali ambapo wenyewe waliokejeliwa wangepita asubuhi. Sisi wa mwambao huu, ambao tumezoea jina la kanga libebe fumbo linalompata mlengwa bila kumtaja, hatuhitaji kufundishwa namna maneno kama hayo yanavyofanya kazi. Watu wa New York walianza kuulizana SAMO ni nani. Gazeti moja la mji lilifichua siri hiyo mwezi Disemba, 1978. Baadaye kidogo marafiki hao walikosana, na kuta zile zile zikatangaza kwamba SAMO amekufa.

Wakati huo Basquiat alikuwa ameacha shule na ameondoka kwa baba. Alilala kwa marafiki, leo hapa kesho pale. Aliuza kadi za posta na fulana alizozichora kwa mkono. Kwa kuwa hakuwa na fedha za kununulia turubai, alichora juu ya chochote kilichotupwa njiani: milango mibovu, fremu za madirisha, hata majokofu. Siku moja alimwona Andy Warhol, mchoraji aliyekuwa maarufu kuliko wote nchini humo, amekaa katika mkahawa. Akaingia akamuuzia kadi.

Mambo yaliyofuata yalikwenda kwa kasi isiyo ya kiasi, na nadhani kasi hiyo ilikuwa sehemu ya msiba wake. Mwezi Juni, 1980, kazi yake ilionyeshwa pamoja na za wengine katika jengo bovu karibu na Times Square. Mwaka 1981 mwimbaji Debbie Harry alinunua picha yake kwa dola 200. Mwaka huo huo alifanya maonyesho yake ya kwanza ya peke yake, katika mji wa Modena, Italia, na bado aliyafanya kwa jina la SAMO. Mfanyabiashara wa picha, Annina Nosei, alimpa nafasi ya kuchorea katika ghala lililo chini ya duka lake, akampatia rangi na turubai, na wateja wakawa wanateremshwa ngazi kumtazama akifanya kazi. Ukazuka uvumi mjini kwamba kijana mweusi amefungiwa chini ya ardhi anachorea wazungu. Uvumi huo ulimuudhi. Aliona kwamba kama angalikuwa mzungu, nafasi ile ile ingaliitwa heshima aliyopewa msanii. Mwezi Machi, 1982, yalifanyika maonyesho yake ya kwanza ya peke yake nchini Marekani. Kabla mwaka haujaisha alikuwa ameshiriki katika maonyesho makubwa ya Kassel, Ujerumani, akiwa na miaka 21.

Msomaji ambaye hajapata kuziona picha zenyewe atapenda kujua zilikuwaje. Miongoni mwa sanaa zilizovuma Marekani tangu miaka ya 1960 ni ile iliyoitwa sanaa ya pop. Warhol ndiye aliyekuwa mfalme wake. Wachoraji wa mtindo huo walichukua vitu vya dukani na sura za watu mashuhuri, kama makopo ya supu na uso wa mcheza sinema Marilyn Monroe, wakazichapa kwa rangi kali, tena na tena, kama bidhaa za kiwandani. Basquiat alilichukua wazo hilo la sura ya mtu mashuhuri, akalitia mkono wa ukutani. Sura zake hazikuchapwa. Zilikwaruzwa kwa chaki za mafuta na rangi ya kupuliza, meno nje, macho mekundu, ngozi kama imefunuliwa ili tuone ndani. Kando ya sura aliandika maneno, kisha akayapiga mstari. Nia yake katika kuyakata ilikuwa kumfanya mtazamaji ajitahidi zaidi kuyasoma. Juu ya vichwa aliweka taji la ncha tatu.

Na mataji hayo aliwavika watu gani? Mabondia Joe Louis, Sugar Ray Robinson na Cassius Clay, yaani Muhammad Ali. Mpiga saksafoni Charlie Parker. Katika picha ya mwaka 1983 alimchora Toussaint Louverture, jemadari wa watumwa wa Haiti, kwa ajili ya upande wa baba yake. Makumbusho aliyotembezwa na mama yake yalijaa wafalme na watakatifu wa Ulaya, na watu weusi hawakuonekana ndani ya fremu zile. Yeye aliamua kuijaza nafasi hiyo, kwa haraka, kama mtu anayejua kwamba hana muda. Mwaka 1981 alichora askari polisi mweusi aliyevaa kofia iliyo kama kizimba juu ya kichwa chake, picha ambayo ingefaa kutundikwa katika ofisi nyingi za umma duniani.

Tarehe 4 Oktoba, 1982, alipelekwa kula chakula cha mchana kwa Warhol. Walipigwa picha wakiwa wawili, na Basquiat hakukaa sana. Haikupita hata saa mbili, picha mpya ya rangi ikafikishwa kwa Warhol ingali mbichi: vichwa viwili, cha mwenyeji na cha mgeni, ubavu kwa ubavu. Warhol alistaajabu, maana yeye mwenyewe alikuwa amesifika kwa wepesi wa kazi.

Sasa tufike mwaka 1983, ambao kwa maoni yetu ndio mwaka wa kuupima mji ule. Katika mwaka huo makumbusho ya Whitney yalimtia Basquiat katika maonyesho yake makuu ya sanaa mpya ya nchi. Katika mwaka huo huo, alfajiri ya tarehe 15 Septemba, kijana mweusi wa miaka 25 aitwaye Michael Stewart, naye mpenda sanaa anayejulikana katika vilabu vile vile vya Manhattan, alikamatwa katika stesheni ya treni ya chini ya ardhi. Kosa aliloshitakiwa nalo ni kuandika ukutani. Alifikishwa hospitali amefungwa, amezimia, mwili wake una majeraha. Alikaa siku 13 bila kuzinduka, akafa. Askari sita walifikishwa mahakamani, na mwaka 1985 wote wakaachiwa huru. Mwaka 1990 familia yake ililipwa dola milioni 1.7.

Basquiat alitetemeka kwa habari hiyo. Aliwaambia rafiki zake kwamba angaliweza kuwa yeye, na hakuna aliyeweza kumkatalia. Vijana wawili wa rangi moja, wa mji mmoja, wa rika linalokaribiana: mmoja kuta zake zimemfikisha makumbushoni, na mwingine ukuta umemfikisha chumba cha maiti. Alikwenda katika studio ya mchoraji mwenzake, Keith Haring, ambaye naye alianzia katika stesheni za treni, na juu ya ukuta wa studio hiyo akachora askari wawili wenye nyuso za waridi, virungu vimeinuliwa, na kati yao kivuli cheusi kisicho na uso. Juu yake aliandika neno moja, nusu Kihispania, la kuuliza kuhusu kuharibu sura. Ukuta ndio ulioharibiwa sura, au mtu?

Mwezi Agosti, 1983, alikuwa amehamia katika nyumba namba 57 mtaa wa Great Jones, aliyoipanga kwa Warhol. Katika miaka ya 1984 na 1985 wawili hao walichora pamoja picha takriban 160. Aghalabu mkubwa alianza kwa kuchora alama za makampuni na vichwa vya habari vya magazeti, na mdogo akaja juu yake akavuruga, kama alivyokuwa akifanya kwenye kuta. Warhol, aliyekuwa ameacha brashi kwa miaka mingi, aliirudia kwa ajili ya urafiki huo. Mwezi Februari, 1985, gazeti la New York Times lilimweka Basquiat katika jalada la jarida lake, amevaa suti na miguu haina viatu. Pamoja na sifa zote hizo, teksi za mjini zilikuwa hazimsimamii akipunga mkono usiku. Septemba ya mwaka huo picha za pamoja zilionyeshwa. Wachambuzi walizibeza, na katika gazeti hilo hilo mmoja wao alimfanya kijana kuwa kama kinyago cha bahati cha Warhol. Urafiki ulipoa.

Fedha zilikuwa nyingi mno na watu wa kumzuia walikuwa wachache. Alichorea akiwa amevaa suti za bei ghali kutoka Italia, na noti zilitapakaa ndani ya nyumba. Heroini, unga ambao hata visiwa vyetu vimekuja kuujua kwa uchungu, ulikuwa umemshika. Mwaka 1986 alisafiri kwa mara ya kwanza kuja Afrika, akafanya maonyesho mjini Abidjan, Cote d'Ivoire, na akafika Korhogo, kaskazini mwa nchi hiyo, kwa watu wa kabila la Wasenufo ambao uchongaji wao unajulikana dunia nzima. Tarehe 22 Februari, 1987, Warhol alifariki baada ya kupasuliwa, na tangu hapo Basquiat alizidi kujifungia. Mwanzoni mwa mwaka 1988, mjini Paris, alipata rafiki mpya, mchoraji Ouattara Watts wa Cote d'Ivoire, na wakapatana kwamba mwezi Agosti watakwenda pamoja Afrika, mbali na New York na unga wake. Tarehe 12 Agosti, 1988, alikutwa amekufa katika nyumba ya mtaa wa Great Jones kwa heroini. Baba yake alimzika katika makaburi ya Green-Wood, Brooklyn, si mbali na mitaa alikozaliwa.

Baada ya hapo habari zake zimekuwa za minada. Picha moja ya fuvu aliyoichora mwaka 1982 iliuzwa kwa dola 19,000 mwaka 1984. Tarehe 18 Mei, 2017, picha hiyo hiyo ilinunuliwa na tajiri wa Kijapani kwa dola milioni 110.5. Wakusanyaji wa siku zile wamesimulia kwamba walipata kuyapa makumbusho ya New York kazi zake bure, mwenyewe angali hai, wakakataliwa. Penye fedha za namna hiyo waghushi hawakosekani. Mwezi Juni, 2022, wapelelezi wa serikali ya Marekani waliingia katika makumbusho ya Orlando, Florida, wakachukua picha 25 zilizodaiwa kuwa zake. Moja ilikuwa imechorwa juu ya boksi la kampuni ya usafirishaji lenye aina ya herufi ambayo kampuni hiyo haikuitumia kabla ya mwaka 1994, miaka sita baada ya kifo cha mchoraji. Mwaka uliofuata dalali mmoja alikiri kwamba yeye na mwenziwe walizitengeneza, nyingine kwa dakika chache tu.

Maandishi ya SAMO ambayo wapita njia wa Manhattan waliyasoma bure yamebaki katika picha za kamera. Kuta zilipakwa rangi au zikabomolewa kupisha majengo mapya, na idara za mji zilifanya hivyo kwa mujibu wa kazi yao. Kuta za umma ni mali ya umma, na mji wowote wenye nyumba za kale unajua taabu ya kuzitunza.

Kipande kimoja cha ukuta kilinusurika. Keith Haring alipohama studio yake aliukata ukuta pale penye askari wawili na kivuli cheusi, akautia katika fremu yenye nakshi za dhahabu, akautundika juu ya kitanda chake, nao ulikuwapo hapo hadi alipofariki mwezi Februari, 1990. Mwaka 2019 makumbusho ya Guggenheim, New York, yaliuweka ukumbini na kuyajenga maonyesho mazima kuuzunguka. Watu walipanga foleni kwenda kuutazama, katika mji ule ule ambao Michael Stewart alikamatwa kwa kuandika ukutani.